Ushanga Ambao Radio Haikuuona

Huku Butembo mutu haendi kupigwa picha ya kifua. Anaenda kupigwa radio. "Banamupiga radio," wanasema, na mugonjwa akishavaa shati yake hakuulizi picha inaonyesha nini, anakuuliza radio imesema nini. Mimi ndiye ninayepiga. Miaka kumi na moja niko nyuma ya kile kioo cha risasi kinachozuia mionzi, ninasema "jaza pumzi, shika, achia," na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusimama kufikiri juu ya lile neno "imesema". Kama radio ndiyo inayosema, basi mudomo wake ni nani? Ni mimi, na mudomo wangu una haraka.

Mama mudogo ndiye aliyenilea. Ni mudogo wa mama yangu, akanichukua nikiwa darasa la pili, siku ile ile tuliyotoka makaburini kumuzika mama, akanipa sahani yangu na kitanda changu bila maneno mengi. Anakaa Kimemi, humu humu Butembo, na chumba cha mbele cha nyumba yake ni atelier ya kushona nguo za ndoa. Tangu utoto ninamuona ameinama juu ya satini nyeupe, anashona shanga za plastiki kifuani pa gauni, mumoja mumoja. Na kama washonaji wote ninaowajua, shanga anazishika kwa midomo, kumi ao kumi na mbili kwa mara moja, kwa sababu mukono mumoja una sindano na wa pili unanyoosha kitambaa. Anaongea nazo mudomoni, anagomba nazo, anaimba nazo. Kwenye kwaya yao ya kanisa yeye ni sauti ya kwanza, na kimya hakijui.

"Mama mudogo, siku moja utameza hizo vitu," nilimuambia mara nyingi.

"Nikimeza zitatoka. Unazani tumbo yangu iko bila mulango?"

Basi ushanga haukwenda tumboni. Kulikuwa na fiancée mumoja amekuja kupima gauni, akasimulia jambo la mama-mukwe wake, jambo la kuchekesha kweli, nami nilisimuliwa baadaye nikacheka pia. Mama mudogo alicheka kwa kuvuta pumzi, kama anavyocheka siku zote, na ushanga mumoja ukaingia njia ya hewa. Alikohoa mpaka macho yakatoka machozi. Fiancée akamupiga mugongoni, akiwa amevaa gauni nusu, pini zinamuchoma. Kisha kikohozi kikatulia, na huko kutulia ndiko kulikotudanganya wote.

Kesho yake kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Akaenda hospitali ambako ninafanya kazi, muganga akamusikiliza, akamuandikia karatasi ya radio. Karatasi ile ninaiona mpaka leo nikifumba macho. Juu: kifua. Chini yake, kwa mwandiko mubaya wa waganga: picha mbili, ya kwanza pumzi imejaa, ya pili pumzi imetoka yote.

Niseme kwa nini mbili, maana hapo ndipo kosa langu lilipo. Plastiki haionekani kwenye radio. Sarafu utaiona, mufupa wa samaki pengine utauona, mais, ndiyo "lakini" yetu ya huku, ushanga wa plastiki, mwanga wetu unaupita kama unavyopita nyama. Ukimeza bidon nzima ya plastiki, radio haitasema kitu. Kwa hiyo tunautega kwa ujanja. Pafu lililozibwa linaingiza hewa lakini haliwezi kuitoa vizuri. Kwenye picha ya pili, pafu lenye afya linakuwa jeupe kidogo kwa sababu limejikunja, na lile lililozibwa linabaki jeusi, limejaa. Ushanga wenyewe huuoni, unaona kile unachofanya. Hilo nilifundishwa mwaka wa pili wa masomo, na nilikuwa wa kwanza katika mutihani ule. Nilijua.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, na watu wamejaa koridoo. Nilipomuona mama mudogo mwisho wa foleni, nikamushika mukono, nikamupitisha mbele ya wote. Muzee mumoja mwenye muguu umefungwa mbao akasema kwa sauti: "Hapa banaingia kwa ugonjwa ao kwa famille?" Wengine wakaguna. Mimi ni mutu wa hasira ya karibu, batoto wangu wanajua. Nikamujibu vibaya, maneno ambayo sitaandika, na nikaingia ndani kwa hasira na haya, kwa sababu muzee alisema kweli.

"Jaza pumzi, mama. Shika. Achia."

Picha moja. Nikaitazama kwenye ekrani: mbavu, moyo, mapafu mawili safi. Nje walikuwa wanagonga mulango. Mama mudogo anafunga kitenge chake, akauliza kama watu wote: "Radio imesema nini?"

"Hapana kitu."

Katika Swahili yetu ya huku, hapana inafanya kazi zote. Mutu asiyejua anasema hapana jua. Asiyekuwa na kitu anasema hapana. Asiyetaka, hapana. Ningeweza kujitetea kwamba nilitaka kusema "mi hapana ona kitu," sioni kitu, na yeye akasikia hakuna kitu. Ningeweza. Mais ukweli ni kwamba sikutaka kusema lolote. Nilitaka atoke kabla yule muzee hajafungua tena mudomo.

"Aksanti Yesu!" mama mudogo akasema, akapiga makofi mara moja. "Basi ilishuka yenyewe." Akaenda nyumbani. Hakurudi kwa muganga, kwani arudi kufanya nini? Na muganga ana wagonjwa wengi, asiyerudi anahesabiwa amepona.

Kikohozi kilirudi baada ya majuma matatu, na homa ya jioni, na jasho. Akanywa dawa, ikapungua, ikarudi. Akanywa nyingine. Nilipomupiga radio tena, kulikuwa na wingu chini ya pafu la kuume, na wingu la kifua hapa kwetu kila mutu anajua jina lake kabla hujalitaja. Wakapima makohozi, hawakukuta kitu, mais mutu anakonda, anatoka jasho, anakohoa miezi. Wakaamua kumuanzishia dawa za kifua kikuu.

Nilimusindikiza siku ya kuanza dawa. Muuguzi, mama mupole mwenye miwani, alikuwa anajaza fiche yake, akafika mahali pa kuuliza: "Mama, haujawahi kupaliwa na kitu? Kitu kuingia mu kifua?"

Nikasema moyoni, sasa.

"Ushanga," mama mudogo akajibu. "Niliivuta siku moja nikishona. Mais radio ilisema hapana kitu. Ni huyu mutoto wangu mwenyewe alinipiga." Akanigusa goti, kwa kujivuna.

Muuguzi aliinua macho, akanitazama juu ya miwani, kalamu imesimama. Alikuwa ananiuliza. Nami nikaitika kwa kichwa. Kalamu ikaendelea.

Siku ile ya foleni nilikosa kwa haraka, na mutu wa haraka anaweza kuhurumiwa. Hii ya pili niliifanya nimekaa kwenye kiti, nina saa nzima, hakuna aliyegonga mulango. Niliona haya mbele ya muuguzi, basi, haya ya mutu anayesifiwa. Kwa haya hiyo nikamuacha mama aliyenilea ameze vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao.

Vilimuumiza tumbo. Mukojo ukawa mwekundu kwa rangi ya dawa, akaogopa, tukamutuliza. Kikombe chake alikitenga mwenyewe kabla mutu hajamuambia. Kwaya aliendelea kwenda, mais anakaa benchi la nyuma peke yake, leso mudomoni, wenzake wanaimba sauti yake. Mama wa bibi-harusi mumoja alikuja kuchukua satini yake ikiwa bado haijashonwa, akasema familia imebadilisha mawazo. Mama mudogo akaikunja vizuri, akampa, na alipofunga mulango akaniambia, "Banaogopa nitakoholea nguo yao." Alicheka kidogo. Nami niliyekuwa na neno la kumaliza yale yote, nikamuomba chai.

Ndipo asubuhi moja wodi ya watoto waliniita nikahakikishe kampira kadogo ka kulishia kupitia pua kametelemuka vizuri kwa mutoto muchanga. Nikapiga, na kampira hako, plastiki tupu, kakaonekana: mustari mweupe safi mpaka tumboni. Nimeona mistari hiyo mara mia. Siku hiyo nilisimama mbele ya ekrani kama mujinga. Kwa nini hii plastiki inaonekana na ile haionekani? Nikachukua kampira mupya, nikakageuza kwenye dirisha. Kuna kamustari kanapita urefu wote. Ni baryum, ule unga mweupe tunaoukoroga na maji tukawanywesha wagonjwa kabla ya radio ya tumbo. Kwenye kiwanda wanauchanganya ndani ya plastiki ili radio iuone.

Sikuweza kuliacha. Nikaenda sokoni, nikanunua kapaketi ka shanga nyeupe, zile zile. Kwa muchinjaji nikachukua pafu la mbuzi. Saa ya kula nikajifungia, nikasukuma shanga tatu ndani ya njia za hewa za lile pafu, nikapiga: pafu la mbuzi, basi, safi kabisa. Kisha nikachanganya unga wa baryum na colle, gundi ya mafundi viatu, nikafinyanga kwa vidole shanga zangu mwenyewe, zimepinda, nikazikausha dirishani siku mbili. Kwenye pafu jipya nikaweka tatu zangu kando ya tatu za sokoni, nikapiga tena. Nukta tatu nyeupe kama chumvi, na kando yake pafu tupu, ingawa nilipopapasa, kidole changu kilizigusa zote sita.

Mwenzangu wa kazi alifungua mulango, akaziba pua. "Weye, unapika nini humu? Brochette ya radio?"

"Ni ya kufundishia banafunzi, bale stagiaires," nikamudanganya.

Nami nilijidanganya pia. Nilichokuwa ninatafuta kwenye pafu lile ni ruhusa ya kulala vizuri. Nilitaka picha inayosema: hakuna mutu angeuona, kosa ni la plastiki, mashine haiwezi. Na picha niliipata! Ilitoka kama nilivyoiomba. Nikakaa mbele yake na harufu ya mbuzi vidoleni, nikingoja kifua kiwe chepesi, hakikuwa. Kwa sababu yule muganga hakuniomba niuone ushanga. Aliniomba picha mbili.

Mwezi ule tulisikia kwamba Beni kuna muganga mugeni amekuja kwa majuma machache, mama mumoja mwenye mashine ya kupitisha kamera mu koo mpaka ndani ya mapafu. Nikaenda Kimemi mbio.

"Mama mudogo, tunaenda Beni kesho."

"Kufanya nini? Dawa yangu haijaisha."

"Kuna mashine mupya. Nataka wakuangalie."

Sikusema zaidi. Akajitengeneza, akavaa kitenge cha Jumapili, akanifuata bila swali, kama mimi nilivyomufuata nikiwa mutoto. Kwenye kizuizi, askari alipomusikia anakohoa alirudi nyuma hatua mbili, akapunga mukono: "Leka! Leka!" Yaani, wapite tu. Mama mudogo akaninong'oneza, "Unaona? Kikohozi yangu ni laissez-passer, haiombwi karatasi." Dereva alicheka. Mimi nilitazama mashamba ya kakao mpaka tukafika.

Muganga wa Beni nilimuonyesha picha yangu ya mbuzi. Aliishika kwenye mwanga, akaniuliza mambo mengi kwa Kifaransa cha haraka, akafurahi kweli, akasema nimefikiri vizuri. Kisha akageuza karatasi za mama mudogo, akakuta ile ya kwanza.

"Na picha ya pili, ya kutoa pumzi, iko wapi?"

"Haikupigwa."

"Nani hakuipiga?"

Mutu anafikiri atasema kweli siku ikifika. Siku ilifika, nikasikia sauti yangu inasema: "Kule Butembo hawakuipiga." Hawakuipiga! Kana kwamba mimi ninatoka muji mwingine.

Waliutoa ushanga kesho yake. Ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, unanuka, nyama imeuzunguka. Muganga aliuweka kwenye kasahani, akaniita pembeni. Alisema hatakufa, kifua kikuu hakuna, dawa ziachwe. Kipande cha chini cha pafu kimeoza na hakitarudi. "Wangemuleta juma lile lile," akasema, "Jumapili angekuwa anaimba." Hakujua anamuambia nani.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, mama mudogo aliomba nafasi ya shukrani kanisani. Alisimama mbele, mwembamba, akiongea maneno mane mane kwa sababu pumzi inakatika. Akasimulia yote: ushanga, dawa, kikombe, Beni. "Waganga bote balishindwa. Mutoto wa dada yangu njo alichunguza na mbuzi mpaka akajua." Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. "Papa, simama bakuone."

Papa ndivyo anavyoniita tangu utoto; nikasimama. Pasta akashuka, akaniomba mikono, akaiinua juu, akaiombea, ile mikono yenyewe. Kwaya ikaimba na sauti ya kwanza haikuwepo. Nilisema amina.

Siku mbili nilikuwa sili. Ya tatu nikaenda Kimemi mchana, nikamukuta uani anachambua mboga ya lenga-lenga. Nikakaa chini kabisa, si kwenye kiti, nikamuambia. Karatasi, picha mbili, muzee wa muguu, muuguzi wa miwani, Beni. Sikuruka kitu. Alikuwa ameacha kuchambua.

"Ile siku pale kwa dawa, nilipokuwa nasema radio... weye ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na kanisani? Pasta alipokuwa anashika mikono yako?"

"Nilijua."

Akaninyanyulia mukono, nikafikiri atanipiga, na ningeshukuru. Akaushusha. "Nilitenga kikombe yangu," akasema. "Nilikaa nyuma kama mutu wa laana. Weye unakuja kuniangalia, unakunywa chai." Alilia kwa hasira, na kulia kwenyewe kulimukatia pumzi, nikainuka kumusaidia, akanisukuma. "Ondoka mbele yangu. Ondoka kwanza."

Nilikuwa nimefika mulangoni aliponiita. Hakutumia papa, aliniita kwa jina.

"Mimi niko na weye. Ulinipeleka Beni. Bale bengine, bale uliambia vile vile na hawakuzaa mutu wa radio, bako na nani?"

Sikuwa nimelifikiri. Naapa sikuwa nimelifikiri hata mara moja. Mawazo yangu yote yalikuwa juu ya haya yangu na yeye.

Nikaanza kurudia vitabu vya wagonjwa, ukurasa kwa ukurasa, asubuhi kabla ya kufungua mulango. Mara nyingi kazi yangu ni nzuri, niseme hivyo pia. Halafu nikakuta mutoto wa kike, miaka mine, wa Manguredjipa, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa amepaliwa na kipande cha kifuniko cha plastiki. Muganga aliomba picha mbili. Nimeandika moja, na maneno matatu ya Kifaransa ya kusema yuko salama, mwandiko wangu kabisa. Simulizi lake silikumbuki. Sura yake siikumbuki. Pengine alikuwa analia na mimi nilikuwa na haraka.

Kulikuwa na namba ya baba yake. Nilipiga siku tisa haikupatikana, réseau ya simu ya kule inakuja na kuondoka, na watu wa kule nao wanahama hama. Siku ya kumi ikaita, mwanaume akaitika. Nikamuambia ninapigia hospitali ya Butembo, kwa ajili ya mutoto.

"Eeh, docteur! Munatukumbuka?" Sauti ilijaa furaha. "Yuko. Anacheza. Ni kikohozi tu haimuachi, mais tunamupa asali."

"Papa, mulete," nikasema. "Mulete juma hili. Ni mimi nilikosea."

"Mulikosea nini, docteur?" akauliza, na nyuma ya sauti yake nikamusikia mutoto, karibu kabisa na simu, anakohoa.